UKINGO WA BUSTANI: KAZI KWANZA, PAMBO BAADAYE

Mtu apitaye njiani huweza kuitambua nyumba iliyotunzwa kabla hajafika mlangoni pake. Huona njia iliyonyoka, vitanda vya maua vilivyopimwa barabara, na safu ya mawe au ya matofali itengayo udongo na majani. Safu hiyo ndiyo ukingo, na machoni pa wengi kazi yake ni pambo tu. Kwa hiyo wenye nyumba wengi huchagua ukingo kama wachaguavyo kitambaa cha meza: kwa rangi yake, kwa bei yake, au kwa sababu jirani anao wa namna ile ile.

Lakini ukingo una kazi tatu ambazo yapasa uzifanye kabla ya kupendeza macho. Huyaongoza maji ya mvua, huzuia miguu ya watu isikanyage miche, na huyakataza majani yatambaayo yasiingie kitandani. Ukishindwa na kazi hizo, uzuri wake hautadumu hata masika moja. Na pengine utaleta hasara kubwa kuliko kama usingalikuwapo kabisa.

KARANI NA CHUPA ZAKE

Habari ya karani mmoja wa Nairobi yafaa kuwa funzo. Kwao ni katika miinuko ya Murang'a, penye udongo mwekundu na miteremko mikali. Mama yake, mjane wa umri mkubwa, alikaa katika nyumba ya zamani ya familia, na ndugu yake mkubwa alilima kahawa na migomba hapo hapo. Njia iliyotoka langoni hadi mlangoni ilikuwa na urefu wa futi 30, nayo iliteremka kidogo kidogo kuelekea nyumba.

Karani huyu aliona haya kila alipofika na rafiki zake wa mjini, maana njia ilikuwa ya udongo mtupu. Basi kwa muda wa mwaka mzima alikusanya chupa tupu, na alipopewa likizo ya Desemba alikwenda nazo nyumbani, pamoja na mifuko ya saruji. Akajenga ukingo wa saruji pande zote mbili za njia, kuanzia langoni hadi ukutani, akazisimamisha chupa juu yake, shingo chini na kitako juu, zikigusana bila nafasi.

Ndugu yake aliitazama kazi ile kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, kazi ni nzuri, lakini maji yatapita wapi?"

Karani akajibu, "Kaka, maji yamepita hapa tangu zamani bila kuonyeshwa njia. Wewe shughulika na kahawa yako, na hili la wageni niachie mimi."

Kaka mtu hakuongeza neno. Majirani walikuja kutazama chupa ziking'aa jua la jioni, wakamsifu mwana wa mjini, naye akarudi kazini na furaha.

Masika yalipoanza, maji yaliyotoka barabarani na katika ua wa juu yaliingia langoni, yakakuta kingo mbili zisizo na tundu hata moja. Hayakuweza kwenda kulia wala kushoto, yakashuka moja kwa moja mpaka mlangoni kama maji ya mfereji. Ukuta wa jikoni, ambao ulikuwa wa udongo, ulilowa chini ukaanza kumomonyoka. Usiku mmoja mama alitoka kwenda kuwaangalia mbuzi, akateleza katika tope lililokusanyika kati ya zile kingo, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono.

Karani alipofika siku za Pasaka, alimkuta mama yake amefungwa mkono. Alianza kuomba radhi, lakini mama alimkatiza kwa upole. "Mwanangu," alisema, "njia hii uliipamba kwa ajili ya wageni, nao huja mara mbili kwa mwaka. Mimi hupita hapa kila siku."

Maneno hayo machache yamebeba shauri lote la kuchagua ukingo. Swali la kwanza si "Utaonekanaje?" bali ni "Nani atapita hapa, na maji yatapita wapi?"

MAJI YAONYESHWE NJIA

Kabla ya kununua hata tofali moja, mwenye nyumba angoje siku ya mvua, atoke nje na kutazama. Mahali maji yanapotoka, yanapopita na yanapotuama pataonekana wazi kuliko katika ramani yo yote. Pale maji yanapopita apande kigingi, na pale yanapotuama apande kingine. Vigingi hivyo ndivyo vitakavyomwambia mahali pa kuweka ukingo na mahali pa kuacha nafasi.

Ardhi iliyo karibu na ukuta wa nyumba yataka kuteremka kuelekea nje, inchi 6 hivi katika futi 10 za kwanza. Ukingo ukijengwa mita moja tu kutoka ukutani, nao ukawa mrefu na usio na tundu, utageuka kuwa kitu cha kuyafungia maji karibu na msingi. Kwa hiyo ukingo ulio upande wa chini wa mteremko na uachiwe nafasi ya upana wa kiganja kila baada ya futi 6, au matofali yapangwe bila saruji ili maji yapenye katikati.

Njia yenyewe haifai kuwa bapa kama ubao, wala kuwa na shimo katikati. Yafaa iinuke kati kama mgongo wa kobe. Njia yenye upana wa futi 4, ambayo watu wawili waweza kupita wakiongozana bega kwa bega, yatosha kuinuliwa kati kwa inchi 1 au zaidi kidogo. Ikiwa njia yashuka kuelekea nyumba, mfereji mdogo na uchimbwe kuikata njia kabla ya mlango, uyachukue maji kando mpaka kwenye migomba au miti ya matunda. Hapo maji yaliyokuwa adui huwa rafiki.

Jambo hili si geni kwa wakulima. Wale wa Machakos waliotengeneza matuta ya fanya juu tangu miaka ya 1950 walijua ya kuwa udongo uliotupwa upande wa juu wa mtaro, ukapandwa majani ukingoni, huyazuia maji yasikimbie na rutuba ya shamba. Ukingo wa kitanda cha maua ni tuta dogo la namna hiyo. Yule alimaye mteremko vizuri lakini akapamba ua wake pasipo kufikiri maji, amesahau nyumbani elimu aliyo nayo shambani.

UDONGO NAO UNA SAUTI YAKE

Ukingo ufaao Murang'a huenda usifae Athi River. Udongo mwekundu wa milimani hunywa maji vizuri na hausumbui sana msingi wa ukingo, lakini ukiachwa mtupu juu ya mteremko huchukuliwa na mvua upesi. Huko ukingo wa mawe yaliyofukiwa theluthi moja, au wa majani yenye mizizi ya kina, hufanya kazi njema.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi na wa tambarare za Mwea, una tabia nyingine. Wakati wa mvua huvimba, na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ziwezazo kumeza mkono. Ukingo mwembamba wa saruji uliojengwa juu ya udongo huo huinuliwa na kuteremshwa kila mwaka mpaka ukatike vipande. Mwenye kukaa mahali kama hapo asipoteze fedha zake kwa saruji. Apange mawe au matofali juu ya tabaka ya changarawe, bila kuyaunganisha. Yakipinda baada ya masika, atayanyosha kwa mikono yake mwenyewe kwa saa chache.

Pwani hali ni tofauti tena. Mchanga hauvimbi, lakini hutiririka na kuhama, na tofali lililowekwa juu juu huzama au hulala. Watu wa huko wana mawe ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu, nayo hufaa sana yakichongwa na kufukiwa vizuri. Mwenye kuyatumia akumbuke ya kuwa mawe hayo yana chokaa nyingi. Mimea ipendayo udongo mchachu, ikipandwa karibu nayo, huenda majani yake yakageuka manjano. Kuhusu kome na matumbawe ya baharini, hayo yaachwe yalipo. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968 ili kuvilinda viumbe hivyo, na kuviokota humo ni kosa.

HESABU KABLA YA KUNUNUA

Wengi huanza kazi na kuishia katikati kwa kuwa hawakufanya hesabu. Chukua njia ya futi 30. Pande mbili ni futi 60, yaani inchi 720. Tofali la urefu wa inchi 9, upana wa inchi 4 na nusu na unene wa inchi 3 laweza kupangwa kwa namna tatu. Likilazwa kwa urefu, moja mbele ya jingine, yatahitajika matofali 80. Likisimamishwa na upana wake ukafuata njia, yatahitajika 160. Likisimamishwa na unene wake ukafuata njia, yatahitajika 240. Njia ni ile ile na tofali ni lile lile, lakini gharama imezidi mara tatu kwa sababu ya mpango tu.

Faida ya kusimamisha ni kwamba tofali huingia ndani zaidi na halisukumwi upesi na gurudumu la mkokoteni. Basi yule mwenye fedha chache aweza kusimamisha matofali mahali pa kona na karibu na lango, ambapo watu hukanyaga sana, na kuyalaza mahali pengine. Achague matofali yaliyoiva vizuri motoni. Tofali lililoiva likigongwa hulia kama chungu kizima. Lisiloiva hutoa sauti ya kufa, nalo litayeyuka kwa mvua chache.

Mawe ya shambani ni bora kuliko yote kwa mkulima, maana hayana bei na kuyaondoa ni faida kwa jembe. Makubwa yatangulie, madogo yajaze nafasi, na kila moja lifukiwe kiasi cha theluthi ili lisiyumbe. Haifai kuyarundika ovyo na kuacha mapango kati yake, kwa maana nyoka na panya hupenda maficho ya namna hiyo. Wala haifai kuyang'oa mawe katika kingo za mto, kwa maana ndiyo yashikayo ukingo usibomoke.

Chupa hupendeza, lakini zina hatari yake. Fyekeo likiigonga chupa moja, vigae huruka na kuingia katika udongo, na mtoto atakayevikanyaga hatajua vimetoka wapi. Mwenye kuzipenda aziweke mahali pasipofyekwa na pasipochezewa na watoto.

Matairi ya zamani hutumiwa na wengi, hata kupakwa rangi. Tairi likiachwa wazi hushika maji ndani yake, na mbu wa namna ya Aedes hutaga mayai katika maji machache kama hayo. Mbu hao ndio waenezao homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, na chikungunya, iliyozuka huko mwishoni mwa mwaka 2017 na kuendelea mwaka 2018. Tairi litumiwalo lazima litobolewe chini na kujazwa udongo pomoni.

Mbao huliwa na mchwa, isipokuwa za miti michache kama mwerezi wa milimani. Kwa sababu hiyo wengine hutafuta vipande vya nguzo za umeme au za simu zilizoondolewa. Nguzo hizo hudumu kwa kuwa zimetiwa dawa: nyingine krioseti, nyingine mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu kali. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitia dawa hiyo katika mbao za matumizi ya kawaida ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Nguzo kama hizo zisizungushiwe kitanda cha mboga hata kidogo, wala vipande vyake visichomwe jikoni.

UKINGO ULIO HAI

Ukingo wa mimea ni wa bei ndogo, lakini huomba kazi daima. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alitengenezewa bustani za Versailles na André Le Nôtre katika karne ya 17, na vitanda vyake vilipambwa kwa kingo za mimea mifupi iliyokatwa kwa mkasi mpaka ikawa kama nakshi. Mfalme alikuwa na watunza bustani wengi. Mwenye nyumba aliye na Jumamosi moja tu ya kupumzika achague mmea usiodai mkasi kila juma.

Rosimari hufaa kando ya njia kavu yenye jua. Hupandwa kwa vipandikizi, hunukia mtu anapoigusa, nayo huingia jikoni. Mchaichai hufaa kwenye ukingo wa mfereji au wa tuta, kwa maana mizizi yake hushika udongo na majani yake hutiwa katika chai. Lakini usipandwe kando ya njia nyembamba. Hurefuka kupita magoti, hulowesha nguo kwa umande, na makali ya majani yake hukwaruza ngozi. Mahali penye mteremko mkali, majani ya vetiveri hushinda yote. Mizizi yake haitambai kando bali hushuka chini moja kwa moja, hata kufikia kina cha futi 6 hadi 10.

Ipo mimea ya kuogopwa. Mnyaa, ule wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, ni ua mzuri wa boma, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kupofusha kwa muda. Usiwekwe kando ya njia ya watoto. Duranta, ipendwayo mijini kwa majani yake ya manjano, huzaa vitunda vidogo vyenye sumu. Mwenye watoto wadogo aikate kabla haijazaa. Lantana nayo ina maua ya kupendeza, lakini hutoroka bustanini na kuenea malishoni, na ng'ombe au mbuzi wakiila hudhurika.

Adui mkubwa wa kitanda cha maua katika nchi za juu ni nyasi ya Kikuyu. Asili yake ni milima ya Afrika ya Mashariki, na imepelekwa mpaka Australia kwa kuwa ni malisho mema. Nyasi hii hutambaa juu ya ardhi na chini yake vile vile. Ukingo uliowekwa juu juu hupitiwa chini yake kama mwizi apitaye chini ya seng'enge. Jiwe au tofali na liingie udongoni kiasi cha inchi 6, na mwenye nyumba azungukie kila mwezi kukata vikono vinavyorukia upande wa pili. Tena, kati ya nyasi na ukingo, yafaa kuweka safu ya mawe bapa yaliyo sawa na ardhi, ili fyekeo lipite juu yake bila kugonga jiwe na kupoteza makali.

HABARI YA CHOKAA

Wapo wacheko mawe yaliyopakwa chokaa, wakisema ni mtindo wa boma na wa kambi ya polisi. Lakini mtindo huo ulikuwa na maana. Jiwe jeupe huonekana gizani pasipo taa, na mtu huifuata njia bila kujikwaa. Anunue chokaa iliyokwisha kuzimwa, aichanganye na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, ailaze usiku mmoja, na kuipaka mara mbili juu ya mawe yaliyosafishwa na kuloweshwa kidogo. Wengine hutia chumvi ili ishike vizuri zaidi. Hao waangalie chumvi isimwagike kitandani, kwa maana huiua mimea. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo mpakaji ajilinde, na ikimwingia anawe mara moja kwa maji mengi.

USIGUSE BIKONI

Neno moja la mwisho lahusu mpaka wa jirani. Bustani ikifika ukingoni mwa kiwanja, mwenye nyumba huweza kukuta jiwe au chuma cha wapimaji, yaani bikoni, limesimama mahali anapotaka kunyosha safu yake. Asiling'oe, asilifukie, wala asilisogeze hata kwa upana wa kidole. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yakataza kuharibu au kuhamisha alama za mpaka. Tena majani ya mpaka yakipandwa leo kwa kupendeza tu, watoto wa kesho huenda wakayashika kuwa ndiyo mpaka wenyewe, na kesi ikaanza kati ya watu waliokuwa wakiazimana chumvi. Afadhali ukingo wa maua urudi nyuma futi 2 ndani ya kiwanja, na jirani aarifiwe kabla ya jembe kuanza.

NJIA YA MAMA

Karani yule hakurudi Nairobi mpaka kazi imekwisha. Asubuhi ya Jumamosi ya Pasaka alimwendea ndugu yake, akamwambia, "Kaka, uliniuliza maji yatapita wapi, nami nilikujibu vibaya. Nisaidie sasa." Kaka mtu alichukua sururu bila kusema neno la lawama.

Waliuvunja ukingo wa saruji upande wote wa chini. Wakachimba mfereji wa kuikata njia futi 6 kabla ya mlango, wakauelekeza kwenye migomba, na kuufunika kwa mawe bapa mahali pa kupita. Waliinua kati ya njia kwa changarawe. Mawe ya shambani, yaliyokuwa yamerundikwa kando ya kahawa kwa miaka mingi, yakapangwa pande zote mbili, na kila baada ya futi 6 ikaachwa nafasi. Mchaichai ukapandwa ukingoni mwa mfereji. Chupa zikauzwa kwa mnunuzi wa chupa tupu, na fedha zake zikatosha kununua chokaa.

Mama aliketi barazani, mkono wake ukiwa bado katika kitambaa, akitazama. Walipomwuliza mawe ya kupaka chokaa ni yapi, aliyachagua yeye mwenyewe, moja moja: mawili ya langoni, mawili ya kwenye mfereji, na yote ya karibu na zizi la mbuzi.

Karani alisema, "Mama, hayo ya zizini wageni hawatayaona."

Mama akajibu, "Ndiyo, mwanangu. Mimi nitayaona."

Jioni ile ilinyesha mvua kubwa. Wana wawili walisimama mlangoni na taa, wakiyatazama maji yakifika kwenye mfereji, yakigeuka, na kwenda zake migombani.